Yatima Aliyegeuzwa Hoja: kisa cha filamu moja iliyotuangusha

Kisa hiki kinahusu filamu ya dakika 104 iliyotengenezwa na kampuni ndogo katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Mimi niliajiriwa humo kama mshauri wa muswada. Majina ya watu, ya filamu, ya mji na ya wadhamini nimeyaondoa, na mambo madogomadogo nimeyasogeza ili asitambulike mtu. Ambacho sijakigusa ni mfuatano wa maamuzi na sababu zilizotolewa mezani siku yalipofanyika, kwa kuwa humo ndimo filamu ilimoharibikia.

Nakiandika kwa ajili ya waandishi na waongozaji wanaotaka kulishika jambo la kutoa mimba, hasa wanaodhani njia nyepesi ya kulishika ni kumweka mtoto yatima katikati. Nasi tulidhani hivyo.

Usuli

Mhusika mkuu tumwite Rehema. Ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, na amelelewa katika kituo cha watoto yatima tangu akiwa na miaka sita, wazazi wake walipofariki katika ajali ya basi. Anapata ujauzito kwa dereva wa mfadhili anayeleta misaada kituoni kila mwisho wa mwezi. Hadithi yote inatoka hapo: Rehema afanye nini, na nani atabaki upande wake akishafanya.

Muswada wa kwanza aliuandika mama mmoja aliyekuwa muuguzi wa wodi ya wanawake kwa miaka mingi kabla ya kuacha kazi na kujifunza kuandika. Nimesoma miswada mingi, na huo bado naukumbuka kwa kurasa. Kuna sini ambayo Rehema ameketi mkekani nyumbani kwa mwanamke anayejulikana mtaani kwa kazi ya kuchoropoa mimba. Mwanamke anamenya vitunguu. Neno mimba halitajwi. Wanazungumza bei tu. Rehema anahesabu noti za elfu mbili mbili juu ya kanga, zinafika nusu ya zinazotakiwa, anainua macho, na yule mama anamwambia bila ukali, "Nusu ya hela haitoi nusu, mwanangu." Rehema anazikusanya. Baada ya siku nne anarudi na hela kamili. Hakuna anayetamka amezipata wapi, ila tumeshaona safari yake na vitabu alivyonunuliwa muhula mpya, navyo havimo tena kwenye mkoba wake.

Katika muswada huo Rehema anatoa mimba, anavuja damu, anafikishwa hospitali, anapona. Hasifiwi wala haadhibiwi. Ukurasa wa mwisho uko kituoni siku ya Jumapili, anawasuka wadogo zake nywele, nasi tunaojua tunamtazama akifanya kazi ya kila Jumapili.

Wadhamini walikuwa wawili. Wa kwanza ni shirika linaloshughulika na afya ya uzazi, lililotoa sehemu kubwa ya fedha. Sharti lake: filamu ionyeshe hatari za kutoa mimba vichochoroni. Wa pili ni taasisi ya kidini inayoendesha kituo cha watoto, iliyotupa majengo ya kupigia picha, malazi na chakula. Sharti lake: asionekane msichana aliyetoa mimba akabaki salama. Tulipoyasoma mara ya kwanza tuliona yanapingana, tukajiandaa kwa mvutano. Hayakupingana hata kidogo. Yalikutana mahali pamoja: wote wawili waliridhika ikiwa Rehema ataumia. Ningeliona hilo mapema ningelisema, na huenda mengi yafuatayo yasingetokea.

Uamuzi wa kwanza: ngazi

Wiki moja kabla ya kupiga picha tulikaa kikao cha saa nne. Muongozaji, mtayarishaji, wawakilishi wa wadhamini na mimi. Mwandishi hakuitwa, mtayarishaji alisema amechoka, apumzishwe. Muongozaji alileta pendekezo ambalo kwa dakika chache lilionekana kama dawa. Rehema anakwenda kwa yule mwanamke, anarudi na hela kamili, anapandisha ngazi za nje za nyumba ile ya ghorofa, mguu unateleza, anaanguka, mimba inaharibika. Kwa hiyo alikuwa njiani kufanya, lakini hakufanya. Shirika la afya linapata damu na hospitali. Taasisi ya dini inapata msichana asiyetoa mimba. Mtazamaji anapata wa kumlilia.

Sababu ya muongozaji haikuwa ya kipuuzi. Alisema hadithi ya namna hii katika nchi yetu ikimruhusu mhusika kuamua, watu wataacha kumtazama mhusika na kuanza kuugombania uamuzi. Alitaka wamtazame Rehema. Mimi nikasema ni suluhisho la busara. Maneno hayo yamo kwenye kumbukumbu za kikao, na ni yangu.

Uamuzi wa pili: sura ya kwenye bango

Siku tatu kabla ya kuanza, mtayarishaji alimpata mwigizaji mwenye jina kubwa kucheza nafasi ya Mama Mlezi, mkuu wa kituo. Siku sita tu, kwa malipo yaliyomeza fungu zima la muziki na sehemu ya fungu la uhariri. Sababu yake aliieleza wazi: mnunuzi wa filamu, awe mwenye televisheni au msambazaji, haulizi hadithi inahusu nini, anauliza yumo nani. Yeyote aliyewahi kuuza filamu Dar es Salaam anajua kwamba hakudanganya.

Lakini ukishamlipa nyota kiasi hicho humwachi akae jikoni. Nafasi ya Mama Mlezi ilitoka sini 9 ikafika 31. Sini hizo zilitoka kwa nani? Kwa Rehema. Mazungumzo yake na rafiki wa darasani yakafutwa, safari yake ya kuuza vitabu ikafutwa, sini ya vitunguu ikabaki sekunde 40. Kwa mtazamaji wetu steringi ndiye hadithi. Anayesimama mbele ya kamera muda mrefu ndiye anayefuatwa kwa moyo. Tukawa tumetengeneza filamu ya mwanamke mwenye huruma anayeumizwa na matatizo ya msichana fulani.

Siku mbili za kituoni

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panaponiuma zaidi.

Siku ya 11 na ya 12 tulipiga picha kituoni na watoto wanaoishi pale. Ruhusa ya maandishi kutoka kwa uongozi tulikuwa nayo. Muongozaji alitaka sini ya usiku ambapo Mama Mlezi anawakusanya watoto na kila mmoja anasema neno moja kuhusu mzazi wake. Ilikuwa iwe ya kuigiza. Tuliandika sentensi fupi kwenye vikaratasi tukawagawia.

Mtoto mmoja wa kama miaka tisa hakusoma kikaratasi chake. Alianza kusema kuhusu mama yake mwenyewe, jinsi alivyokuwa akimbeba mgongoni kwenda kisimani, kisha akashindwa kuendelea. Kamera haikuzimwa. Mwigizaji mwenye jina akamkumbatia, naye akalia kweli. Muongozaji akanong'ona tuendelee. Tulipiga picha kwa dakika sita hivi. Mtoto aliondolewa na mlezi wa zamu, na usiku ule, kama tulivyoambiwa asubuhi, hakulala.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu, na inamlinda dhidi ya kutumikishwa kwa namna inayomdhuru. Sisi tulikuwa na karatasi yenye muhuri, tukaona imetosha. Hatukuwa na mtu hata mmoja kwenye eneo la kazi mwenye mamlaka ya kusema "zima" kwa niaba ya mtoto. Mlezi wa zamu alikuwa amesimama nyuma ya taa, na baadaye aliniambia kwamba aliogopa kuharibu kazi ya watu wakubwa.

Jambo la pili la siku zile nilisikia tukila chakula cha mchana. Meneja wa kituo alisema, kama jambo la kawaida, kwamba zaidi ya nusu ya watoto wake wana mzazi mmoja aliye hai. Baba amekufa na mama hana uwezo, au mama yuko mjini anafanya kazi za ndani na hana pa kuwaweka. Wengine hutembelewa sikukuu. Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu, nikaendelea kula. Hayakuingia kwenye filamu.

Uamuzi wa tatu: hotuba

Kwa kuwa Rehema hakuamua lolote, filamu haikuwa na mwisho. Siku ya 17 kati ya 19 muongozaji aliandika usiku kucha hotuba ya dakika nne. Rehema amepona, amesimama mbele ya watoto na wageni wa heshima siku ya mahafali ya kituo, anasema: kama mama yangu angenitoa, leo nisingekuwepo mbele yenu. Makofi. Mama Mlezi anafuta machozi. Maandishi ya mwisho yanapanda.

Kabla ya hapo, kwenye sini ya 40, daktari kijana alikuwa ameshasema kinyume chake: kwamba ni afadhali watoto wasiotakiwa wasizaliwe kuliko kuja kujazana kwenye vituo. Tuliona tumefanya haki. Kila upande umepewa sentensi yake.

Ilivyopokelewa

Filamu ilipangiwa daraja la umri na haikukatwa sini hata moja. Hofu ya kukatwa sini, iliyosemwa pia kwenye kikao cha ngazi, ilikuwa hofu ya kivuli.

Onyesho la kwanza lilikuwa katika ukumbi wa chuo, watu kama 140: wanafunzi, wauguzi, viongozi wa dini, vijana waliowahi kulelewa kituoni. Nilikaa safu ya nyuma. Rehema alipoteleza ngazini, vijana wa upande wa kushoto walicheka. Sidhani ilikuwa dharau. Ni kicheko cha mtu aliyeona fundi akificha ufa kwa kalenda. Kuanzia hapo ukumbi ulituponyoka, na wakati wa hotuba watu walikuwa wameshaanza kutafuta viatu vyao.

Kwenye mazungumzo baada ya filamu, swali la kwanza lilitoka kwa mama wa makamo: "Yule dereva yuko wapi?" Hatukuwa na jibu. Alitoweka kwenye sini ya 14. Mwanasheria mstaafu akasimama kumwongezea: binti ana miaka 17, kwa hiyo sheria inaliita tendo lile ubakaji, hata kama filamu imelipigia muziki wa mapenzi; na kumpa mimba mwanafunzi, chini ya kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu kilivyorekebishwa mwaka 2016, ni kifungo cha miaka 30. Akaendelea. Daktari wenu amesema kutoa mimba hakuruhusiwi kwa hali yoyote. Kanuni ya Adhabu inatoa miaka 14 kwa anayetoa, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe na miaka 3 kwa anayempa dawa au kifaa, ni kweli, vifungu vya 150 mpaka 152. Lakini kifungu cha 230 hakimtii hatiani anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Na mwalimu mkuu wenu anamwambia binti hatarudi shule maisha yake yote, wakati tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi darasani. Alisema haya kwa upole, kama mtu anayesahihisha daftari la mjukuu. Baadaye mnunuzi mmoja kutoka Mombasa naye alituambia kwamba hawezi kuichukua filamu ambamo daktari anadai hata majirani zetu wote hawaruhusu kabisa, ilhali Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26, inataja dharura pamoja na hatari kwa maisha au afya ya mama.

Kisha akasimama mzee mmoja, mwalimu wa madrasa. Filamu yetu ilikuwa na sheikh mmoja na mchungaji mmoja, kila mmoja na mstari wake: ni dhambi. Mzee alisema wanazuoni wamejadili jambo hili karne na karne, siku 120 za mimba na kupuliziwa roho, uhai wa mama na uhai wa kilicho tumboni, na wamehitilafiana kwa adabu. Nyinyi mmemfanya sheikh kibao cha barabarani. Binti kama yule angekuja kwangu, alisema, ningeanza kwa kumuuliza ni nani aliyekufanyia hivi.

Aliyefuata ni msichana wa miaka 19 aliyelelewa kituoni mpaka akamaliza kidato cha nne. Hakuwa na karatasi. Alisema: "Mimi wazazi wangu walinitaka. Walinisubiri miaka mitano. Halafu walikufa. Kwa nini filamu inamzungumzia yatima kama mtoto aliyeponea kutolewa?"

Muongozaji alishika kipaza sauti, akakirudisha mezani. Onyesho liliishia pale.

Baadaye tulirudi kwenye uhariri. Hotuba iliondolewa, sini ya watoto usiku iliondolewa, filamu ikabaki dakika 87. Ngazi hazikuondoka, kwa sababu hatukuwa tumepiga picha ya kitu kingine cha kuweka pale. Kituo kimoja cha televisheni kiliinunua kwa bei ndogo, kikaionyesha mara moja, usiku. Mwandishi wa muswada wa kwanza aliomba jina lake liondolewe, likaondolewa.

Uchambuzi

Yule msichana alitaja kosa letu kubwa kuliko yote, na kwa Kiswahili halikuwa kosa gumu kuliona. Lugha yetu imezitenganisha hali hizi zamani. Kuna yatima, aliyefiwa. Kwa Waislamu wa pwani, hasa aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na kwa mashirika ya watoto, aliye chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote. Kuna mtoto aliyetelekezwa. Kuna mtoto wa kuokotwa. Kuna mtoto wa nje ya ndoa. Kuna mtoto anayelelewa na bibi kwa sababu mama yuko mbali na kazi. Kila neno lina historia yake, na kila mtoto anajua lake ni lipi. Sisi tuliwatia wote kapu moja, tukaliandika "yatima", kisha tukalitumia kapu hilo kujibu swali la mimba zisizotakiwa. Kufiwa na kutotakiwa ni mambo mawili mbalimbali. Rehema wa muswada wetu alifiwa kwa ajali ya basi. Hakuna popote panapoonyesha kwamba mama yake aliwahi kufikiria kumtoa. Hotuba yake ya mwisho ilimsingizia marehemu jambo ambalo hadithi haikulijua.

Baada ya hapo nikaelewa kwa nini sentensi ya daktari na sentensi ya hotuba hazikuleta haki yoyote. Zote mbili zilikuwa sentensi moja iliyogeuzwa. Mmoja anamnyooshea mtoto kidole na kusema: huyu ni sababu ya kukataa. Mwingine anamnyooshea mtoto yuleyule na kusema: huyu ni sababu ya kuruhusu. Mtoto amekaa hapo, anawasikia. Najua hoja ya pili ina historia nzito nyuma yake. Romania ilipiga marufuku utoaji mimba kwa Amri Na. 770 ya mwaka 1966, na utawala wa Nicolae Ceaușescu, ulioitoa amri hiyo, ulipoanguka Desemba 1989 dunia ilionyeshwa vituo vilivyojaa watoto walioachwa humo. Ni kweli tupu, na mwanahistoria au mtunga sera ana haki ya kuitumia. Lakini hata wale watoto walihitaji mtu wa kuwabeba kabla ya mtu wa kuwatolea mfano, na filamu ya drama, ambayo kazi yake ni kumkaribia mtu mmoja, haina udhuru wa kumtazama mtoto kama takwimu.

Ngazi. Nimesema nilizikubali. Kwa upande wa hadithi, tulimnyang'anya Rehema kitu pekee kilichokuwa chake. Hakuwa na wazazi, hela wala nyumba. Alikuwa na uamuzi. Muongozaji aliogopa kwamba watu wataugombania uamuzi badala ya kumtazama msichana, ila bila uamuzi hakukuwa na msichana wa kumtazama, palibaki mwili unaoanguka. Nadhani hofu ile ilikuwa ya kweli, na tiba yake ilikuwa kumjenga Rehema zaidi, kurasa nyingi zaidi za kuuza vitabu na kuhesabu noti, mpaka mtazamaji anayekataa alichokifanya ashindwe kumchukia. Muswada wa kwanza ulikuwa unafanya hivyo hasa.

Kwa upande wa afya, madhara yalikuwa makubwa kuliko ya sanaa. Mwandishi wetu alipoiona filamu iliyokamilika aliniambia sentensi moja: "Mmewafundisha wasichana kujirusha ngazini." Katika miezi ya kwanza mfuko wa uzazi umekaa ndani ya nyonga, umekingwa na mifupa, na kilichomo kinaelea kwenye maji, kuanguka kwa kawaida mara nyingi hakuharibu mimba, ila huweza kumvunja mtu kiuno. Wodini alikuwa amewapokea wasichana waliojaribu. Hili angelisema kwenye kikao dakika ya kwanza, na ndiyo maana kutomwita kulikuwa kosa la kitaalamu, mbali na kuwa kosa la adabu. Shirika la afya lenyewe, lililokuwa na watu wake mezani, lilitazama kama damu ipo, halikutazama imetokea vipi.

Kuhusu mwigizaji mwenye jina sina lawama kwake. Alifanya kazi aliyolipwa na aliifanya vizuri. Tatizo ni kwamba tulibadilisha hadithi ni ya nani bila kukaa hata saa moja kujiuliza.

Palikuwa na kitu kilichofanikiwa, na nataka kikumbukwe. Sini ya hospitali, dakika nne, ilibaki karibu kama mwandishi alivyoiandika. Kwenye rasimu ya mtayarishaji muuguzi alikuwa anamfokea Rehema na kumdai PF3, ile fomu ya polisi, kabla ya kumgusa, kwa sababu inaleta taharuki. Mwandishi aligoma, ndiyo vita pekee aliyoshinda. Alieleza kwamba matibabu baada ya mimba kuharibika, iwe imeharibika yenyewe au imeharibiwa, ni huduma halali nchini na inatolewa hospitalini, na kwamba msichana atakayeona muuguzi akidai karatasi ya polisi kwenye filamu atakaa nyumbani akivuja damu. Kwa hiyo muuguzi wa filamu anapima presha, anatundika dripu, anaagiza damu. Anauliza umekula saa ngapi mara ya mwisho. Anamwambia, "Tutakutibu kwanza." Hakuna muziki. Ukumbi uliokuwa umecheka kwenye ngazi ulinyamaza kabisa hapo, na baada ya onyesho niliwaona wasichana watatu wamemzunguka muuguzi mmoja nje, mbali na sisi, wakimuuliza mambo kwa sauti ya chini. Kama pesa yote ile ilinunua kitu, ilinunua mazungumzo yale.

Sini hiyo ilifaulu kwa sababu aliyeiandika aliijua kwa mikono yake. Hakuna mtu ndani yake anayethibitisha chochote.

Yaliyobadilika baada ya hapo

Sasa nikishauri muswada wenye watoto naomba mtu mmoja awepo eneo la kazi, asiyelipwa na muongozaji, mwenye ruhusa ya kuzima kamera. Naomba pia masharti ya wadhamini yasomwe kwa sauti mbele ya mwandishi, na tuulize kila sharti linataka nini kimpate mhusika. Watayarishaji wawili wamekataa. Mmoja amekubali.

Sini ya usiku ya watoto tulifuta, nakala zote, mbele ya meneja wa kituo. Nilimwomba radhi yule mtoto kupitia kwa mlezi wake wa zamu, kwa kuwa uongozi haukutaka tumwone tena, na walikuwa na haki.

Mwandishi na mimi tumeanza muswada mwingine. Yule msichana wa miaka 19 tunamlipa ausome, kurasa kwa kurasa, kabla ya mdhamini yeyote. Rasimu ya kwanza aliirudisha na alama chache za kalamu nyekundu. Kwenye ukurasa wa tatu, mahali tulipoandika kwamba mhusika ni yatima, alipigia mstari neno hilo na kuandika pembeni: wazazi wake walikuwa wanaitwa nani? Tulitazamana. Katika filamu ya kwanza, dakika 104, hatukuwa tumewapa majina.